Fahari ya Mwili na Utanzu wa Majigambo: Mifano kutoka kwa Wanariadha wa Kisii na Nyamira

Utangulizi

Mtu akiulizwa ni tendo gani la mwili wake analojivunia kuliko yote, aghalabu husita. Atacheka kidogo, kisha atadai kwamba hana la kusema. Ukimvumilia, atalitaja: kilima alichokipanda bila kupumzika, mzigo alioubeba, mbio alizozimaliza ilhali wenzake waliziacha njiani. Kusita huko kuna mizizi katika lugha yenyewe. Wahenga walituonya kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na tena kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Anayejisifu hudhaniwa kuwa ana upungufu anaoufunika kwa maneno. Hata hivyo, fasihi simulizi hiyo hiyo iliyotupa methali hizi imetupa pia utanzu ambao kazi yake ni kumruhusu mtu ajisifu hadharani, nao ni majigambo, ambayo baadhi ya wataalamu huyaita vivugo.

Makala haya yanakusudia kuuchunguza mvutano huo. Hoja inayoyaongoza ni kwamba majigambo yana masharti, na kwamba masharti hayo ndiyo yanayotenga fahari halali na majivuno matupu. Mifano imetolewa katika riadha ya Abagusii wa Kisii na Nyamira, jamii ambayo imetoa wakimbiaji wa kiwango cha dunia tangu miaka ya 1950. Baada ya mifano hiyo, makala yanageukia watu wa kawaida na kupendekeza namna ambavyo mwanafunzi wa fasihi simulizi anaweza kukusanya majigambo yao.

Dhana ya Majigambo na Masharti Yake

Vitabu vya fasihi simulizi vinavyotumiwa katika shule na vyuo vya Kenya vinakaribiana sana katika kueleza sifa za majigambo. Hizi ni tungo za kujisifu. Mtungaji ndiye mghani, naye husema kwa nafsi ya kwanza. Hujipa lakabu, hutumia chuku na sitiari, hurudiarudia maneno yenye uzito, na mara nyingine huvaa maleba na kushika zana inayohusiana na tendo analolisifu.

Ni muhimu kuyatofautisha majigambo na sifo, yaani tungo ambamo mtu husifiwa na wengine. Utamaduni wa Abagusii unatupa mfano mzuri wa sifa itokayo kwa wengine. Kijana anaporudishwa nyumbani baada ya kutahiriwa, wasindikizaji humwimbia wimbo uitwao esimbore. Ujasiri ni wake, lakini sauti ni ya jamii. Katika majigambo, mwenye tendo na mwenye sauti ni mtu mmoja, na hapo ndipo hatari ya kuitwa mwenye majivuno inapoanzia.

Mwandishi wa makala haya anaona kwamba jamii hujikinga dhidi ya hatari hiyo kwa masharti matatu. Kwanza, pawepo tendo lililokwisha kutendeka. Anayejisifia jambo atakalofanya kesho hana majigambo, ana ahadi tu. Pili, pawepo kipimo, kwa maana ya kitu kinachoonyesha ugumu wa tendo: adui aliyeshindwa, umbali, uzito au muda. Tatu, pawepo shahidi, kwa kuwa majigambo hughanwa mbele ya watu wanaoweza kukana. Chuku inaruhusiwa kwa sababu kila msikilizaji anajua kiini cha tendo. Shujaa akisema aliwatimua watu elfu moja, hadhira inajua walikuwa kumi, nayo inafurahia elfu bila kudanganyika. Tutayatumia masharti haya kuyapima matendo ya wanariadha.

Nyantika Maiyoro: Fahari Isiyo na Medali

Nyantika Maiyoro wa Kisii ni miongoni mwa Wakenya wa kwanza kujulikana nje ya nchi kwa mbio za masafa marefu. Kuna kisa kinachosimuliwa mara nyingi kumhusu. Inasemekana kwamba mnamo 1953, katika mashindano yaliyofanyika Madagaska, alichelewa kuanza huku wenzake wakiwa wamekwisha kuondoka, akawafuata, akawafikia, na akawashinda. Mwanafunzi wa fasihi ataona mara moja kwamba kisa hiki kimekaa kimighani: shujaa anaanza akiwa nyuma, na upungufu wake wa mwanzo unakuwa kipimo cha nguvu zake.

Matokeo yaliyoandikwa yana mvuto wa aina nyingine. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1954 kule Vancouver, Maiyoro alikuwa wa nne katika mbio za maili tatu. Katika Olimpiki ya Melbourne ya mwaka 1956, ambayo ndiyo ya kwanza kwa Kenya kushiriki, alikuwa wa saba katika mita 5,000. Miaka minne baadaye kule Roma alikimbia mbio hizo hizo akawa wa sita. Mtu anayehesabu medali pekee ataona sufuri mara tatu. Anayezingatia kipimo ataona kitu tofauti. Wakati ambapo nchi yake ilikuwa bado chini ya mkoloni, mwanamume huyu alijiweka kati ya wakimbiaji saba bora wa Olimpiki, na baada ya miaka minne akapanda ngazi moja badala ya kushuka. Majigambo yake, kama angeyaghani, yangekuwa na haki kamili ya kusema: mimi ndimi niliyefungua njia.

Mfano huu unatufunza kwamba kipimo cha majigambo si lazima kiwe ushindi. Yaweza kuwa umbali kati ya mahali mtu alipoanzia na mahali alipofika.

Naftali Temu: Fahari ya Kumshinda Hodari

Naftali Temu wa Nyamira ndiye Mkenya wa kwanza kunyakua dhahabu ya Olimpiki. Aliipata katika mita 10,000 kule Mexico City, tarehe 13 Oktoba 1968, kwa muda wa dakika 29 na sekunde 27.4. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa mbele katika mzunguko wa mwisho, naye Temu akampita mita chache kabla ya utepe. Tofauti yao ilikuwa sehemu sita za kumi za sekunde. Siku chache baadaye Temu aliongeza shaba ya mita 5,000.

Hapa tunakutana na suala ambalo majigambo hulazimika kulijibu daima: je, kipimo ni cha haki? Mji wa Mexico uko takriban mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ina oksijeni haba. Walikuwapo waliosema kwamba watu wa nyanda za juu walibebwa na mahali. Ron Clarke wa Australia, aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia ya mbio hizo, alimaliza wa sita na kuzirai. Mwenye kumtetea Temu hahitaji chuku yoyote. Anahitaji kuikumbuka Kingston, Jamaika, ambako mnamo 1966 Temu alimshinda Clarke huyo huyo katika maili sita za Michezo ya Jumuiya ya Madola. Kingston ni mji wa pwani, na mwinuko haukumsaidia mtu yeyote huko. Tena, mpinzani aliyemsumbua hadi hatua za mwisho kule Mexico alikuwa Mhabeshi, mtu wa nyanda za juu kama yeye.

Kwa mtazamo wa kifasihi, jina la mpinzani ni sehemu ya tungo. Shujaa wa kivugo humtaja adui wake na kumsifu, kwa kuwa kumdunisha aliyeshindwa ni kujidunisha mwenyewe. Kumtaja Clarke na rekodi zake kunaongeza uzito wa tendo la Temu.

Yobes Ondieki: Fahari ya Kuvuka Mpaka

Aina ya tatu ya fahari inaonekana kwa Yobes Ondieki, mwana mwingine wa Gusii, aliyekuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 kule Tokyo mwaka 1991. Tarehe 10 Julai 1993, jijini Oslo, alikimbia mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 58.38. Kabla ya siku hiyo hakuna binadamu aliyejulikana kuwa amezimaliza mbio hizo chini ya dakika 27. Rekodi aliyoivunja ilikuwa ya Mkenya mwenzake, Richard Chelimo, na ilikuwa na umri wa siku tano tu.

Ili msomaji apate picha, agawe muda huo kwa mizunguko 25 ya uwanja. Atapata takriban sekunde 64.7 kwa kila mzunguko wa mita 400. Kijana mwenye afya anaweza kuukimbia mzunguko mmoja kwa kasi hiyo, kisha akashika magoti akihema. Ondieki aliukimbia mara 25 bila kusimama.

Mpinzani wa kweli katika tendo hili ni saa. Adui wa kivugo cha kale alikuwa na jina, ukoo na mkuki. Saa haina ukoo, nayo ni shahidi na kipimo kwa wakati mmoja. Rekodi ya Ondieki ilivunjwa na William Sigei mwezi Julai 1994, na tangu hapo imevunjwa mara nyingi. Hata hivyo, hakuna atakayeweza kuwa wa kwanza kuvuka mpaka huo tena. Namba hupitwa, lakini utangulizi haupitwi. Ndiyo maana kivugo hupenda maneno kama "wa kwanza", "niliyetangulia" na "kabla yangu".

Fahari ya Pamoja: Kijiti cha 1972

Nadharia ya majigambo husisitiza nafsi ya kwanza umoja. Mbio za kupokezana kijiti zinatulazimu kuipanua. Kule Munich mwaka 1972, Kenya ilishinda dhahabu ya mita 400 kwa wanne kupokezana. Wakimbiaji walikuwa Charles Asati, Hezahiah Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang. Watatu wa kwanza katika orodha hiyo ni Abagusii. Asati na Nyamau walikuwamo pia katika kikosi kilichopata fedha Mexico mwaka 1968. Miaka miwili kabla ya Munich, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, Asati alikuwa ameshinda mita 400, naye Ouko mita 800.

Ipo hoja ya kuupunguza ushindi huo, kwamba Marekani haikuwa na kikosi katika mbio hizo kwa sababu baadhi ya wanariadha wake walikuwa wamefungiwa. Jambo hilo ni kweli, na majigambo ya uaminifu hayana haja ya kulificha. Walioshiriki walikuwa Waingereza, Wafaransa na Wajerumani waliokimbia nyumbani kwao, na Wakenya waliwashinda wote. Mcheza ngoma hawezi kulaumiwa kwa aliyekosa kufika uwanjani.

Kiisimu, fahari hii inadai kiambishi cha "tu-". Mkimbiaji wa kijiti hawezi kusema "nilishinda" pasi na kumdhulumu mwenzake. Hapa majigambo yanakaribiana na nyimbo za kazi, ambamo jasho la mmoja halitengwi na la mwingine.

Sauti ya Mwanamke

Vitabu vyetu husema kwamba majigambo aghalabu hutungwa na wanaume. Kauli hiyo huenda inaeleza mazingira ya vita na uwindaji, ila haifai kuachwa iwe kanuni ya kudumu. Wanawake wa Gusii wana matendo yanayotimiza masharti yote matatu.

Margaret Okayo alishinda marathoni ya New York mwaka 2001 na 2003, ya Boston mwaka 2002 na ya London mwaka 2004. Muda wake wa New York wa mwaka 2003, saa 2, dakika 22 na sekunde 31, ulibaki kuwa rekodi ya wanawake ya mbio hizo kwa miaka 22. Ilipovunjwa Novemba 2025, aliyeivunja ni Hellen Obiri, aliyezaliwa Kisii, kwa muda wa saa 2, dakika 19 na sekunde 51.

Obiri mwenyewe ana orodha ndefu. Alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2017 na 2019, na bingwa wa dunia wa mbio za nyika mwaka 2019. Alipata fedha ya Olimpiki katika mita 5,000 kule Rio mwaka 2016, mwaka mmoja tu baada ya kujifungua mtoto, na tena katika michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021. Katika marathoni yake ya kwanza, New York mwaka 2022, alikuwa wa sita. Miezi mitano baadaye alishinda Boston, akarudia ushindi huo mwaka 2024, na mwaka huo huo akapata shaba ya Olimpiki kule Paris. Kwa mwanamke aliyebeba mimba, akajifungua, kisha akaurudisha mwili wake katika ushindani wa dunia, kipimo cha tendo kina kipengele ambacho kivugo cha mwanamume hakijawahi kuwa nacho.

Majigambo ya Watu wa Kawaida

Wengi wetu hatutavaa medali. Swali ni kama tendo la mwili wa mtu wa kawaida linaweza kutimiza masharti ya utanzu. Jibu la makala haya ni kwamba linaweza, mradi tujue mahali pa kusikiliza.

Tumchukue mchuma chai wa Nyamira. Anapofikisha majani kwenye kituo cha kununulia, mizani husema na karani huandika. Tendo lipo, kipimo kipo, na foleni nzima ni shahidi. Anayesema "leo nimeishinda jana kwa kilo tano" ametamka kiini cha kivugo, japo hakukipa mapigo. Ndivyo ilivyo pia kwa mzee anayesimulia jinsi alivyokuwa akitembea kutoka Keroka hadi mji wa Kisii na kurudi akiwa na mzigo begani, na kwa mgonjwa aliyeanza kwa kuizunguka nyumba mara moja, na leo anafika sokoni kwa miguu. Kwa watu hawa mpinzani ni mwili wenyewe wa jana.

Kwa ajili ya darasa, mwandishi ametunga kivugo kifupi cha mtu aliyejizoeza kuupanda mlima wa Manga:

Ndimi Mpandamanga, mjukuu wa wapanda milima!
Januari kilima kilinikalisha mara nne,
Machi kikanikalisha mara moja,
Juni nikakikalisha mimi!
Liulizeni jua lililonikuta nimetangulia,
Mwulizeni mchunga ng'ombe aliyezihesabu hatua,
Ndimi Mpandamanga, pumzi za mvukuto,
Kilima kimeinama, mimi nimesimama wima!

Tendo limekamilika mwezi Juni. Kipimo ni hesabu ya mara alizoketi kupumzika: nne, moja, kisha sufuri. Mashahidi ni jua na mchunga ng'ombe. Wa kwanza ni wa uhuishi, wa pili anaweza kuulizwa kweli. Lakabu inafungua tungo na kurudi kuelekea mwisho. Chuku imebanwa katika mstari wa mwisho, ambako haimdanganyi mtu, maana kila mkazi anajua kwamba mlima haujainama. Muhimu zaidi, mghani anakiri kwamba alikalishwa. Kukiri udhaifu wa mwanzo ndiko kunakoupa ushindi wa mwisho uzito, kama tulivyoona katika kisa cha Maiyoro.

Mapendekezo kwa Mkusanyaji

Mwanafunzi anayetaka kufanya utafiti nyanjani kuhusu suala hili anaweza kufuata utaratibu ufuatao. Kwanza, asimuulize mhojiwa kama anajua majigambo. Neno hilo litamfanya akumbuke shule au aogope kuonekana mwenye majivuno. Amwulize ni kazi gani ya mwili iliyowahi kumshinda, kisha akaiweza. Pili, amwache asimulie kwa lugha aliyoizoea, iwe Ekegusii au Kiswahili, na aandike maneno yenyewe kabla ya kutafsiri. Lakabu na tanakali za sauti hupotea haraka katika tafsiri. Tatu, adadisi kipimo: umbali gani, mzigo gani, muda gani, ukilinganishwa na nini. Nne, amtafute shahidi, kwa kuwa shahidi mara nyingi hutoa sifo inayoweza kulinganishwa na majigambo ya mhusika. Hatimaye, aombe idhini ya kurekodi, na amrudishie mhojiwa nakala ya maneno yake.

Zipo tofauti ambazo data ya namna hiyo ingeweza kuzifafanua. Je, wanawake hutumia nafsi ya kwanza wingi zaidi ya wanaume? Je, chuku hupungua pale ambapo mizani au saa imekwisha kusema? Je, wazee hujisifu zaidi kwa matendo ambayo miili yao haiwezi tena? Haya ni maswali ya tasnifu, nayo hayahitaji nauli kubwa kuliko ile ya matatu ya kwenda nyumbani.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba utanzu wa majigambo haukuisha na mikuki. Umehamia uwanjani, kwenye mizani ya chai na kwenye njia za milimani. Masharti yake ya tendo, kipimo na shahidi yanampa mtu nafasi ya kusema alichokiweza bila kuvunja adabu ambayo methali zetu zinaihifadhi. Chema chajiuza, ni kweli, ila sokoni lazima kifikishwe, na chombo cha kukifikishia ni lugha.

Jambo hili lina haraka yake. Naftali Temu alifariki mwaka 2003. Nyantika Maiyoro na Robert Ouko walifariki mwaka mmoja, 2019. Muda wa mbio zao umehifadhiwa katika majedwali hadi sehemu za sekunde, na yeyote anaweza kuusoma. Maneno ambayo kila mmoja wao angeyatumia kujisifu, kwa lafudhi na lakabu zake, hayamo katika majedwali hayo. Mwanafunzi wa Kiswahili anayetoka Kisii au Nyamira huenda ana nyanya au babu ambaye tendo lake halikuandikwa hata katika jedwali. Likizo ijayo, na amketie karibu, amwulize, kisha anyamaze amsikilize.